Kuweza, kuwezwa, kuwezesha: Kumsoma Foucault kwa Kiswahili cha Beni na Butembo

Utangulizi

Wanafunzi wa lugha hukutana na jina la Michel Foucault mapema, mara nyingi katika somo la uchanganuzi wa usemi. Wengi wetu tunatoka katika somo hilo tukiwa tumekariri maneno machache: kwamba mamlaka yako kila mahali, kwamba maarifa na mamlaka ni ndugu. Tukiulizwa na mtu wa nyumbani maneno hayo yana maana gani, tunanyamaza au tunarudia Kifaransa kilekile.

Ugumu huu una sababu mbili. Ya kwanza ni maandishi yenyewe: sentensi ndefu, mifano ya magereza na hospitali za Ufaransa ya karne ya 17 na 18, na mwandishi ambaye hubadilisha msamiati wake karibu kila kitabu. Ya pili inatuhusu sisi wanaisimu. Tunamsoma kwa Kifaransa, tunamjibu kwa Kifaransa, na hatuulizi neno pouvoir linakuwa nini likivuka na kuingia katika Kiswahili.

Makala haya yana hoja moja. Sarufi ya Kiswahili, hasa kitenzi na viambishi vyake, inatupa njia nzuri ya kumwelewa Foucault, na njia hiyohiyo inatuonyesha pale anapopungukiwa akifika kwetu. Mfano wetu ni mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ukaanzia upande wa Mangina, ukafika Beni na Butembo, na kutangazwa kuwa umekwisha tarehe 25 Juni 2020. Ulihesabiwa kuwa na wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walifariki. Tumeuchagua kwa sababu Foucault mwenyewe alianza sura yake maarufu kuliko zote kwa kueleza mji ulioshikwa na tauni. Tumeuchagua pia kwa sababu kwetu swali la nani aaminiwe, nani apimwe na nani aamue lilikuwa swali la uhai.

1. Foucault alisema nini?

Foucault alizaliwa Poitiers mwaka 1926, akafariki Paris mwaka 1984. Kati ya 1966 na 1968 alifundisha Tunis, ingawa vitabu vyake karibu havisemi lolote kuhusu Afrika. Kwa mada yetu tunahitaji kazi tatu: Surveiller et punir (1975), La volonté de savoir (1976), na mihadhara aliyoitoa Collège de France kati ya 1976 na 1978. Tukizipunguza hadi mifupa, tunabaki na mawazo manne.

Kwanza, mamlaka hayamilikiwi kama shamba au ng'ombe. Yanatendwa. Yapo popote tendo la mtu mmoja linapoelekeza matendo ya mwingine: mwalimu na mwanafunzi, daktari na mgonjwa, karani na mtu anayengoja muhuri.

Pili, mamlaka hayakatazi tu, yanazalisha pia. Shule inakataza kelele, ndiyo, lakini zaidi inamtengeneza mtu anayeweza kuketi saa nyingi, kuandika kwa mstari, na kujijua kuwa yeye ni wa kwanza au wa mwisho darasani.

Tatu, maarifa na mamlaka vinalishana. Ili kumwongoza mgonjwa lazima umjue, na ili umjue lazima uwe na nafasi inayokuruhusu kumpima, kumuuliza na kumwandika. Hapa ndipo wasomaji wengi wanapopotoka. Wanadhani Foucault anasema kwamba sayansi ni uongo wa wenye nguvu. Hasemi hivyo. Virusi viko, na kipimo cha maabara kinaweza kusema kweli tupu. Anachouliza ni jinsi ukweli huo ulivyopatikana, nani anaruhusiwa kuutamka, na nani analazimika kuusikiliza.

Nne, penye mamlaka pana ukinzani. Ukinzani huo hautoki nje ya uhusiano. Umo ndani yake, kama vile kamba haivutwi na mkono mmoja.

2. Neno gani kwa pouvoir?

Mtafsiri akifungua kamusi atapata maneno mengi: nguvu, mamlaka, madaraka, utawala, uwezo. Kila moja linafungua mlango mmoja na kufunga mwingine.

Nguvu inaelekea mwilini: nguvu za mkono, nguvu za bunduki. Katika makala yake ya mwaka 1982 kuhusu mhusika na mamlaka, Foucault anatofautisha mambo mawili. Ukatili unafanya kazi juu ya mwili, unavunja na kufunga. Mamlaka yanafanya kazi juu ya matendo ya mtu ambaye bado ana njia zaidi ya moja mbele yake. Kwa hiyo nguvu ni neno zuri kwa kile ambacho Foucault anakiweka kando.

Mamlaka ni neno tunalolitumia zaidi, lakini tulichungulie asili yake. Limetoka Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa miliki na malkia. Ndani yake kuna mwenye mali na mwenye kiti. Yaani neno letu la kawaida limebeba wazo lilelile analolipinga Foucault, kwamba mamlaka ni kitu cha mtu. Si ajabu mwanafunzi anayesoma kwamba mamlaka hayana mwenyewe anahisi sentensi inajipinga. Madaraka nayo hupewa, huachwa na hunyang'anywa, kama mzigo unaopita kutoka bega hadi bega. Utawala unamdai mtawala.

Linabaki uwezo, na nyuma yake kitenzi kuweza. Hapa mwanaisimu anasimama. Pouvoir ni kitenzi kilichogeuka nomino bila kubadilisha umbo. Kuweza kwetu ni hivyohivyo: ni kitenzi, na papo hapo ni nomino ya ngeli ya ku-, kwa maana tunasema kuweza kwake kumetushangaza. Halafu Kiswahili kinaenda hatua moja mbele ya Kifaransa. Kuweza kunakubali yambwa ya mtu. Mzazi anasema: huyu mtoto simwezi. Wacheza ngware wanasema: amemweza. Katika neno moja tunapata kuwa na uwezo wa kufanya na kumshinda mwingine. Kifaransa hakiwezi kusema hivyo kwa pouvoir.

Tukiongeza viambishi, karibu mawazo yote manne yanatokea. Kumweza mtu ni kutawala. Kuwezwa ni kutawaliwa. Kuwezesha ni kuzalisha: mwalimu anakuwezesha kusoma, na kwa tendo hilohilo anakuweka chini ya ratiba yake. Kutowezana ni hali ya pande mbili zinazoshindana bila mshindi. Kuwezekana ni mpaka wa mambo yanayofikirika mahali fulani, wakati fulani.

Sipendekezi tufute neno mamlaka katika tafsiri, wasomaji wamelizoea. Ninapendekeza kanuni ya kusomea. Kila tunapokutana na nomino nzito katika maandishi haya, tuigeuze kitenzi, kisha tuulize maswali matatu: Nani anamweza nani? Kwa njia gani? Na anayewezwa anawezeshwa kufanya nini, au kuwa nani?

3. Mji wa tauni na mji wa Ebola

Katika Surveiller et punir Foucault anaeleza amri za mwishoni mwa karne ya 17 kuhusu mji wenye tauni. Mji unagawanywa katika mitaa, kila mtaa una msimamizi. Nyumba zinafungwa. Kila siku msimamizi anapita, anaita majina, na kila mtu lazima ajitokeze dirishani. Asiyejitokeza ni mgonjwa au amekufa. Yote yanaandikwa na kupelekwa juu. Foucault anaulinganisha mji huo na desturi ya zamani zaidi ya kuwafukuza wenye ukoma nje ya mji. Kwa mkoma, mamlaka yanatenga na kusahau. Kwa tauni, yanasogea karibu, yanagawanya, yanahesabu. Katika mihadhara ya 1978 anaongeza njia ya tatu kwa mfano wa ndui: hapo wenye mamlaka hawamfungi kila mtu, wanakokotoa hatari, wanachanja, na kuacha watu waendelee kuzunguka.

Msomaji wa Paris anaziona njia hizi tatu kama vipindi vitatu vya historia. Msomaji wa Butembo aliziona zote kwa wakati mmoja.

Wa kwanza kupelekwa kando alikuwa mgonjwa, katika kituo cha matibabu ya Ebola, akihudumiwa na watu waliofunikwa mavazi ya kinga hata uso usionekane. Akifariki, mwili wake ulizikwa na timu maalumu, kwa utaratibu ulioitwa mazishi salama na yenye heshima, na familia ilisimama mbali. Huo ni upande wa kutenga.

Pili, kila aliyemgusa mgonjwa aliandikwa katika orodha na kutembelewa kwa siku 21. Kwenye barabara ya Beni, Butembo na Goma kulikuwa na barieri: shuka kwenye pikipiki, nawa mikono kwa maji ya klorini, simama upimwe joto. Huo ndio mji wa tauni, isipokuwa kwamba dirisha limegeuka kipaji cha uso.

Tatu ilikuwa chanjo. Ilianza tarehe 8 Agosti 2018, na hadi mwisho zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Walichanjwa kwa mviringo: waliomgusa mgonjwa, kisha waliowagusa hao. Hapo hesabu inatangulia amri. Soko liko wazi, makanisa yamejaa, na wataalamu wanafuatilia viungo vya mnyororo.

Sasa turudi kwenye kitenzi. Watu walisema: nimepimwa, ameandikwa, wamefuatiliwa, atazikwa. Ni kauli ya kutendwa bila mtenda. Sarufi inaturuhusu kuongeza na fulani, lakini mara nyingi hatukuongeza, maana mtenda alikuwa mlolongo mzima: kijana wa mtaa mwenye kipimajoto, mkubwa wake, wizara, Shirika la Afya Duniani, wafadhili. Foucault anaposema kwamba mamlaka hayana kitovu kimoja, ametumia kurasa nyingi. Kauli yetu ya kutendwa inalisema kwa silabi moja, -wa. Kazi ya mchambuzi ni kurudisha watenda waliopotea ndani ya silabi hiyo, mmoja baada ya mwingine.

4. Mshukiwa, kontakti, mshindi

Wazo gumu kuliko yote katika Foucault ni lile la sujet. Neno hilo la Kifaransa lina maana ya aliye chini ya mfalme, na pia mtu anayejitambua na kusema mimi. Kwake, mambo hayo mawili yanafanyika pamoja: unakuwa mtu wa aina fulani kwa njia ileile inayokuweka chini. Kiswahili hakina neno moja kwa yote hayo. Tuna raia, tuna mhusika, na katika sarufi tuna kiima. Mtafsiri analazimika kuchagua kila mara, na kuchagua huko kunamlazimisha kuelewa.

Ebola ilileta aina mpya za watu. Ya kwanza ni mshukiwa. Kifaransa cha afya kinasema cas suspect, na redio zikatafsiri mshukiwa wa Ebola. Lakini mshukiwa katika Kiswahili ni mtu wa polisi: anashukiwa kuiba, anashukiwa kuua. Mama mwenye homa aliyesikia kwamba mwanawe ni mshukiwa alisikia lugha ya gereza, na pengine mlangoni aliona gari lenye askari wa kulinda timu. Hakuna aliyekusudia hivyo. Mamlaka hayahitaji mtu mmoja aliyekusudia. Neno lilikuwa limeshafanya kazi yake.

Ya pili ni kontakti. Jirani aliyekuja kusaidia kumbeba mgonjwa, tendo ambalo jana lilikuwa utu, leo limempa jina katika orodha. Ya tatu ni mshindi. Waliopona waliitwa kwa Kifaransa vainqueurs, na baadhi yao, kwa kuwa miili yao ilikuwa imepata kinga, waliajiriwa kuwalea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa. Hapa tunaona kwa macho maana ya mamlaka yanayozalisha. Orodha ileile iliyomfanya mtu awe mshukiwa ilimpa baadaye jina jingine, kazi, chama na sauti ya kusema hadharani. Hakuna awezaye kumweleza mshindi kwa neno kukatazwa peke yake.

Na raia? Neno hilo nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni kundi la mifugo linalochungwa. Mwaka 1978 Foucault alizungumza juu ya mamlaka ya mchungaji: yale yanayolinda kundi zima na papo hapo kumjua kondoo mmojammoja. Hakujua kwamba lugha ya pwani ya Afrika Mashariki imelihifadhi wazo hilo ndani ya neno la kawaida la siasa. Kumhesabu kontakti siku 21, nyumba kwa nyumba, ni kazi ya mchungaji hasa. Swali ambalo raia wa Beni aliuliza lilikuwa la kundi: mchungaji huyu alikuwa wapi jana?

5. Kukataa

Tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, tume ya uchaguzi ilitangaza kwamba Beni, Butembo na Yumbi hazitapiga kura pamoja na nchi nzima. Zingepiga Machi 2019. Kwa Beni na Butembo sababu zilizotajwa zilikuwa Ebola na usalama. Lakini rais mpya aliapishwa tarehe 24 Januari, hivyo kura zetu za urais hazikuhesabiwa kamwe. Tarehe 27 Desemba waandamanaji walivamia kituo kimoja cha Ebola mjini Beni na wagonjwa wakatoroka. Tarehe 30 Desemba wakazi wa Beni walipanga foleni, wakanawa mikono, na kupiga kura yao wenyewe ya mfano.

Tendo hili la pili linastahili kusomwa kwa makini. Watu hawakuikataa kanuni ya kunawa mikono. Waliitumia kama hoja: mlisema hatuwezi kukusanyika kwa usalama, basi tazameni, tunaweza. Waliichukua ishara ya riposti, kama tulivyozoea kuiita operesheni ile, na kuigeuzia upande wa pili. Ndivyo Foucault anavyomaanisha anaposema ukinzani umo ndani ya uhusiano.

Tusilipambe neno ukinzani, hata hivyo. Februari 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Tarehe 19 Aprili 2019 Dkt. Richard Mouzoko, mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko kutoka Kameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, Butembo. Kwa maneno ya sehemu ya pili, hapa tumetoka katika kuweza na kuingia katika nguvu. Msomaji anayeweka kura ya Beni na risasi ya Butembo katika kapu moja liitwalo ukinzani hajamsoma Foucault vizuri, na hajawatendea haki wafu.

Kuna pia mamlaka yasiyotoka juu. Tunazo siku za ville morte. Tangazo linapita, na asubuhi maduka ya Butembo yamefungwa. Nani ameyafunga? Wengine wamefunga kwa uchungu wa kweli juu ya mauaji, wengine kwa kuogopa mawe, wengine kwa sababu jirani amefunga. Maduka yamefungwa: kauli ya kutendwa tena, safari hii bila serikali ndani yake. Ukitaka mfano wa mamlaka yasiyo na mfalme, huna haja ya kwenda Ufaransa.

6. Pale Foucault anapopungukiwa

Picha inayopendwa na wasomaji wa Foucault ni panoptikoni, gereza lililobuniwa na Mwingereza Jeremy Bentham mwishoni mwa karne ya 18: mnara katikati, vyumba pembeni, mfungwa anaonekana wakati wote bila kujua kama anatazamwa. Wanafunzi wengine huileta picha hii Kongo kama ilivyo. Haikai vizuri, kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba nidhamu ya Foucault inahitaji dola inayoandika. Sensa ya mwisho ya watu wote wa Kongo ilifanyika mwaka 1984. Kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo iliyotumika kama kitambulisho. Mwanahistoria Frederick Cooper aliandika mwaka 1994 kuhusu Afrika ya kikoloni akitumia sitiari ya damu. Foucault anaeleza mamlaka yanayofika hadi kwenye vishipa vidogo kabisa vya jamii. Mamlaka ya kikoloni, anasema Cooper, yalikuwa ya mshipa mkubwa: yenye kasi karibu na pampu, hafifu mbali nayo. Riposti ilikuwa mshipa mkubwa wa namna hiyo. Ilikuwa na magari, fedha na orodha kwa ugonjwa mmoja, huku malaria, surua na uzazi wa hatari vikibaki na vituo vyao vya afya vya siku zote. Ndiyo maana watu walizungumza juu ya biashara ya Ebola.

Ya pili ni kifo. Katika mihadhara ya 1976 Foucault anasema kwamba mfalme wa zamani alikuwa na haki ya kuua au kuacha mtu aishi, na kwamba mamlaka ya kisasa yanashughulika kuendeleza uhai na kuwaacha wengine wafe. Tangu Oktoba 2014 raia wa eneo la Beni wamekuwa wakichinjwa vijijini na mitaani. Mwaka 2018 hao waliopona panga ndio walioambiwa wanyooshe kipaji wapimwe joto, kwa faida ya uhai wao. Swali walilouliza lilikuwa rahisi: kwa nini dunia inakuja kwa Ebola na haikuja kwa mapanga? Achille Mbembe wa Kameruni, katika makala yake ya mwaka 2003 juu ya siasa ya kifo, alionyesha kwamba wazo la Foucault halitoshi mahali ambapo kuua bado ni njia ya kutawala. Katika uchunguzi uliofanywa Beni na Butembo Septemba 2018 kwa watu wazima 961, na kuchapishwa mwaka uliofuata katika jarida la kitabibu la Lancet Infectious Diseases, zaidi kidogo ya robo hawakuamini kwamba Ebola ipo, na chini ya theluthi waliamini kwamba viongozi wa mahali pao wanatetea maslahi yao. Tukizisoma takwimu hizi pamoja, kutoamini hakuonekani tena kuwa ujinga. Kunaonekana kuwa kumbukumbu.

Ya tatu ni kuonekana. Foucault anaona kuonekana kama mtego. Lakini huko Beni shirika la ALIMA lilitumia chumba cha matibabu chenye kuta za plastiki angavu, kiitwacho CUBE. Mgonjwa alionekana, naam, lakini naye alimwona mama yake, na mama aliona muuguzi anafanya nini. Kabla ya hapo uvumi ulistawi penye kuta zisizopenya macho. Macho yalipokwenda pande zote mbili, hofu ilipungua. Swali basi ni kama anayeona naye anaonwa. Kwa sarufi: tofauti iko kati ya kuonwa na kuonana.

7. Kiswahili nacho hakina mikono safi

Msomaji anaweza kusema: umeisifu lugha yetu kupita kiasi. Ni kweli kwamba hatuwezi kuiweka nje ya uchambuzi. Mwaka 1986 Johannes Fabian alichapisha kitabu juu ya lugha na mamlaka ya kikoloni, kikifuatilia jinsi Kiswahili kilivyochukuliwa na kupangwa katika Kongo ya Wabelgiji kati ya 1880 na 1938, katika misheni, vitabu vya mafunzo na kambi za wafanyakazi. Lugha ya amri ilikuwa pia lugha ya maarifa. Leo Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, chini ya Kifaransa kilicho lugha rasmi. Na huku kwetu Kiswahili nacho kinakaa juu ya Kinande: mwaka 2019 wataalamu wa Translators without Borders waliofanya utafiti Beni na Goma walieleza kwamba watu walitaka habari za Ebola katika lugha zao, na walitaka zielezwe kwa kina kuliko zilivyotolewa. Ujumbe uliobandikwa kwa Kifaransa au kwa Kiswahili cha vitabu uliamua kimyakimya nani ataelewa na nani ataelezwa na mwingine.

V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025, alimsoma Foucault maisha yake yote. Katika L'odeur du père (1982) na The Invention of Africa (1988) aliuliza kama Mwafrika anaweza kujieleza bila kutumia zana za yule aliyemweleza kwanza. Jibu lake halikuwa kuzitupa zana hizo. Alitaka tujue bei yake, tujue ni sehemu gani ya hoja zetu dhidi ya Magharibi imetoka huko huko. Kumsoma Foucault kwa Kiswahili ni namna moja ya kuhesabu bei hiyo.

Hitimisho

Tumeona kwamba ugumu wa Foucault unapungua tunapozigeuza nomino zake kuwa vitenzi. Kuweza, kumweza, kuwezwa na kuwezesha vinaeleza uhusiano, mateso na uzalishaji kwa mzizi mmoja. Tumeona pia kwamba barieri ya Beni inamfafanua Foucault katika kurasa fulani na kumsahihisha katika nyingine, hasa juu ya dola isiyoandika, kifo kisichohesabiwa na macho yanayoweza kurudishiana.

Kwetu sisi wa lugha, somo ni la kazi. Mlipuko mwingine utakuja, au sensa, au operesheni ya kijeshi, na mtu atakaa mezani kutafsiri cas suspect kwa haraka kabla ya taarifa ya saa moja jioni. Pengine atakuwa mmoja wetu. Angeweza kuandika mshukiwa. Angeweza pia kuandika mtu anayengoja kipimo. Tofauti ya maneno hayo inaweza kuamua kama mama atafungua mlango.

Maswali ya kujadili darasani

1. Tafuta katika Kinande, au katika lugha yako ya nyumbani, vitenzi vinavyokaribia kuweza. Je, vinakubali yambwa ya mtu? Vikiambatishwa viambishi, vinatoa maana gani za kutawala?

2. Chukua taarifa moja ya redio kuhusu usalama wa Beni. Pigia mstari kila kauli ya kutendwa isiyo na mtenda, kisha jaribu kumtaja mtenda. Ni wapi huwezi, na kwa nini?

3. Salongo ya Jumamosi: ni kuwezwa au kuwezeshwa? Tetea jibu lako kwa mfano wa mtaa unaoujua.